Mbegu Zilizofika kwa Jina la Marehemu

Thornhill, Toronto,
Kanada.
14 Septemba, 2014

Mpendwa Dada Nazlin,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Shikamoo dada yangu, na shikamoo nyingine umfikishie Shemeji Anwarali. Goti lako linaendeleaje? Taki aliniambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, lakini Taki ni mwanao, atakusifu hata ukiwa umelazwa, kwa hiyo nataka kusikia kwako mwenyewe. Na presha ya shemeji? Bado anachovya embe bichi kwenye chumvi mkigeuka? Mwambie namwona hata nikiwa huku.

Sisi tuko salama. Mwanangu Zara ni mzima, kazi yake ya kompyuta kule mjini inaendelea, ila amekonda kwa kula vyakula vya kwenye maboksi. Mimi mwili hauna neno. Sukari iko chini, macho yanaona, miguu inakwenda.

Utashangaa kuona bahasha siku hizi, wakati tunaonana kila Ijumaa kwenye kompyuta ya Taki. Lakini kwenye kompyuta mnakuwa wengi. Wewe uko katikati, shemeji anachungulia begani, jirani anapita nyuma na sinia, wote mnaniuliza hujambo, nami nasema sijambo. Haya ninayotaka kukueleza yanataka uwe peke yako na miwani yako. Yakikuchosha, iweke barua chini, unywe chai, kisha uirudie.

Tangu mume wangu Bahadur afariki umekuwa ukiniuliza lini nitarudi nyumbani, nami kila mara najibu sijui. Usidhani nilikuwa nakuficha. Kweli nilikuwa sijui. Sikujua nataka nini, wala kama kuna kitu ninachokitaka. Nilikuwa nimekufa ganzi, dada. Nilipika, nilifua, nilikwenda kusali kituoni kwetu Bathurst kila Alhamisi, lakini ni kama mtu mwingine aliyekuwa akifanya hayo na mimi nimeazimwa mikono tu.

Alivyokufa unajua. Asubuhi ya mwezi wa kumi, alikuwa akizoa majani makavu kwenye mfereji wa bati, akashuka ngazi, akakaa kwenye kiti cha uani apumzike. Nilimletea chai. Nilipofika alikuwa ameshakwenda. Nilirudi ndani nikaiweka chai juu ya meza, nikapiga simu. Zara alipofika kutoka kazini alinikuta nakunja nguo.

Sikulia. Hilo sijapata kukwambia. Watu walijaa nyumbani, nikawapokea. Muharram ikaja na maombolezo yake, ukumbi mzima wanawake wanalia, mimi natazama maua ya zulia. Nilofar, yule rafiki yangu mzaliwa wa Lindi, akanigusa na kiwiko. "Lia basi hata kidogo," akaninong'oneza, "watu wanakutazama." Nikajifunika uso kwa mtandio ili asipate aibu, na chini ya mtandio macho yangu yalikuwa makavu kama karatasi.

Sasa nikueleze habari za mbegu.

Kabla hatujamaliza arobaini, posta walileta kifurushi kidogo chenye jina la Bahadur. Kilitoka kisiwa kimoja upande wa magharibi wa nchi hii, ambako baridi si kali kama kwetu. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki wenye vijimbegu vigumu, rangi ya kijivu iliyoingia buluu, vyenye mkunjo katikati mfano wa buni. Nilofar akavinusa. Akasema labda ni dawa ya moyo, pengine marehemu alijua anaumwa akatuficha. Nikauweka mfuko kwenye kabati la viungo, kati ya iliki na mdalasini, na sikuufikiria tena.

Baada ya wiki chache, Jumamosi moja, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mwanamume mrefu nisiyemjua, amevaa koti zito, begani ana mfuko mkubwa wa mboji. Akanisalimia kwa Kiswahili.

"Habari yako, mama. Mzee Bahadur yuko? Nimepiga simu yake siku nyingi haishikwi."

"Hayupo," nikasema. "Amefariki."

Akaushusha mfuko polepole, ukalala kizingitini. Akavua kofia. "Na mimi nilikuwa nimekasirika," akasema, "nikidhani amenitupa."

Jina lake Mogaka. Ni Mkisii wa Kenya, lakini amekulia Mombasa, Changamwe, ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Anakaa Pickering, upande wa mashariki wa jiji, anafanya kazi ofisi ya bima. Nikamkaribisha ndani, nikampa chai, ndipo akanieleza kwamba kwa miaka miwili Bahadur alikuwa akienda kwake kila Jumamosi. Mimi nilijua Jumamosi huenda kwa fundi. Miaka miwili mizima, dada, gari lile lilikuwa na breki mbovu.

"Alikuwa akija kufanya nini?" nikamwuliza.

"Kuangalia miti yangu."

Nikamletea ule mfuko wa kabatini. Akaumimina kiganjani, akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka yuko nyumba ya msiba akaacha. Akasema hizo ni mbegu za mti wa jamii ya mnazi unaotoka milima ya China, ambako theluji huanguka nao ukasimama. Haustawi kirahisi huku kwetu, maana baridi ya Toronto ni ya aina yake, lakini mtu akiuotesha, akaulea ndani miaka kadhaa, kisha akaupanda ukutani penye jua na kuufunika vizuri wakati wa baridi, unaweza kuishi. Yeye anao mmoja umempita urefu. Majani yake si makuti marefu kama ya mnazi, ni ya duara kama kipepeo cha mkononi cha kujipepea, mfano wa majani ya mvumo. Mimi na Nilofar tukaishia kuuita mvumo wa baridi, na mpaka leo ndilo jina lake nyumbani kwetu.

"Nipe nikuoteshee," Mogaka akasema. "Hii kitu ni ya kusumbua. Zikikua nitakuletea."

"Hapana," nikasema. "Nionyeshe."

Kwa nini nilisema vile? Sijui. Mimi ambaye kule Tanga hata mchicha ulikuwa ukinifia. Mdomo ulisema wenyewe.

Lakini sababu ya Bahadur kuzitaka mbegu zile nilidhani naijua. Unakumbuka tulivyoondoka, nilivyolia mpaka uwanja wa ndege, naye akisema utazoea, utazoea. Sikuzoea. Kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka nilimwambia, "Bahadur, turudi." Naye jibu lake lilikuwa moja: "Turudi tukafanye nini? Duka tumeuza. Tanga hakuna kitu." Mwisho alikuwa hata hajibu, anainuka anakwenda kuzima taa za chumba kingine. Basi nilipomsikia Mogaka, nikajua. Bahadur alitaka kuniletea mti wa kwetu uani ili ninyamaze. Sikuona uchungu wala hasira, dada. Niliona tu kwamba nimeelewa.

Nikaanza. Mbegu unazilowesha kwenye maji vuguvugu, ukazisugua ngozi ya juu ikatoka. Kisha unazizika kwenye mboji yenye unyevu, si maji, ndani ya mifuko ya plastiki inayofungwa, unaiweka mahali penye joto. Mimi niliiweka chini, kwenye chumba cha tanuri linalopasha nyumba moto. Kila baada ya siku chache nafungua, natazama kama kuna ukungu, nafunga. Nyingine zilioza. Ukizibonyeza zinatoa uji. Kisha asubuhi moja nikaona kitu cheupe kimechungulia, kidogo kama jino la kwanza la mtoto. Ulikuwa mzizi. Nikamwita Zara aje aone.

Zara alikuja akiwa na simu sikioni. Unamjua Zara, Kiswahili anakielewa mpaka mafumbo, lakini akijibu anajibu Kiingereza. Akasema, "Vizuri, Mama," akapanda juu.

Miaka miwili ya mwanzo mti ule hauna sura. Unatoa jani moja jembamba kama nyasi, halafu jingine kama nyasi. Nilofar alikuja akatazama vyungu vyangu dirishani akasema, "Farhat, umepanda majani ya mbuzi." Nikazidi kumwagilia. Mizizi inakwenda chini sana, inataka chungu kirefu. Wakati wa joto unavitoa nje kivulini, ukiviweka juani ghafla vinaungua. Wakati wa baridi unavirudisha, na hewa kavu ya ndani inaleta utitiri mdogo usioonekana ila kwa utando wake, basi unafuta jani moja moja kwa kitambaa chenye sabuni. Mwaka wa tatu jani jipya lilipofunguka lilikuwa limechanika vidole. Mwaka wa nne lilikuwa kipepeo kamili.

Mogaka alikuwa akipita mara moja moja kutazama. Anaviinua vyungu, anatazama chini, anasema, "Huyu ako sawa. Huyu mpunguzie maji." Habari za Bahadur hakuzitaja, nami sikumwuliza. Alikuwa akinywa chai yake na kwenda zake.

Nakuandikia haya yote ili ujue nilikuwa nafanya nini miaka ile nilipokuwa nakwambia sina jipya. Na pia ujue kwamba sikuwa nafurahi. Watu wa kituoni walisema, mashaallah, Farhat amepata kitu cha kumliwaza. Hakikuniliwaza. Kilikuwa kitu cha kufanya na mikono.

Mwaka jana, mwezi wa tano, tuliupanda mmoja nje. Nilichagua wenye afya kuliko yote, tukauweka kwenye ukuta wa kusini, pale matofali yanaposhika joto. Majira ya joto yote ulisimama vizuri, watu wakipita barabarani wanapunguza mwendo. Kabla ya baridi, Mogaka akaja na mbao na yale mabamba meupe mepesi ya kuzuia baridi, akaujengea sanduku, na ndani akauzungushia taa za Krismasi za zamani, zile ambazo balbu zake zinapata moto. Nilofar alipopita akaona nyumba yangu ina taa za Krismasi, akanipigia simu. "Farhat," akasema, "umebadili dini bila kuniambia?"

Halafu ikaja barafu ya Desemba. Mliiona kwenye habari, ulinipigia simu nikakwambia tuko salama. Mvua ilinyesha ikaganda pale pale inapogusa. Kila tawi lilivaa kioo. Miti ilikuwa ikipasuka kwa kishindo, ikaangukia nyaya, umeme ukakatika karibu mtaa wetu wote, na haukurudi siku moja wala mbili. Nyumba ikawa baridi kama friji. Na taa za sandukuni zikazimika.

Jiko langu ni la gesi, nikaliwasha kwa kiberiti. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa za mpira, nikazivika soksi za Bahadur, nikatoka nikateleza mpaka ukutani, nikaziingiza sandukuni. Zikipoa nabadilisha. Mogaka akapiga simu, barabara za kwao zimefungwa. "Wacha mti, Mama Zara," akasema. "Mti ni mti. Enda kwa mtoto."

Zara naye alikuja kunichukua. Kwake mjini umeme ulikuwapo. Nikamwambia siendi. Akakataa kuniacha, akakaa nami mle ndani na koti lake na kofia, anatoa moshi mdomoni akipumua. Siku ya pili au ya tatu, nikiwa nimesimama jikoni najaza chupa, akasema, "Mama, Baba alikufa."

Nikasema, "Najua."

"Alikuwa baba yangu. Tangu afe hujaniuliza hata siku moja kama nalala. Lakini mti unaupelekea chupa za maji ya moto."

Nilimsikia, dada. Nilijua ni neno zito, tena la kweli. Nilijua mama mzima hapo angeweka birika chini. Mimi nilikaza kifuniko, nikachukua chupa nikatoka.

Umeme uliporudi Zara aliondoka. Baada ya hapo akawa anapiga simu badala ya kuja.

Baridi ya mwaka huu haikuwa na mfano. Mpaka mwezi wa tatu ardhi ilikuwa chuma. Mwezi wa nne nikalifungua sanduku. Majani yalikuwa bado ya kijani, nikadhani nimeshinda. Lakini Mogaka alishanifundisha: usitazame majani, tazama kilele, ule mkuki wa katikati ambako majani mapya hutokea. Ukiuvuta kidogo ukakataa, mti ni mzima. Nikaushika kwa vidole viwili. Ukatoka wote, laini, bila kubisha, na chini yake mweusi unanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa.

Nikamwaga dawa ya kusafishia vidonda kwenye lile tundu, ile inayotoa povu, maana mingine hupona ikafufuka kutoka chini. Nikangoja mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Majani yakageuka rangi moja baada ya jingine, kuanzia ncha. Hakuna kilichotoka. Mwanzo wa mwezi wa nane nikauchimba mwenyewe. Mizizi ilikuwa kamba zilizooza. Nikautia kwenye mfuko wa karatasi wa takataka za bustani, nikauweka barabarani, gari likauchukua. Hata hapo, dada, sikusikia kitu. Nilinawa mikono nikapika dengu.

Jioni nikampigia Mogaka nikamwambia umekufa. Nikamwambia pia vimebaki vyungu vinne, nimechoka navyo, aje avichukue. Akasema, "Vilete mwenyewe. Nkirote anapika Jumapili." Nkirote ni mkewe, nesi, Mmeru, mwanamke wa maneno machache. Miaka yote sikuwahi kufika kwao. Kwa kuwa mimi barabara kuu siiwezi, ikabidi nimwombe Zara anipeleke. Alikubali. Njia nzima tulizungumza habari za foleni.

Uani kwao niliuona ule mti wa Mogaka. Shina lake limefunikwa nyuzi za kahawia, ukilishika utasema umeshika kumbi la nazi. Pembeni pana kiti cha plastiki. Tukavishusha vyungu, nikamwambia Mogaka, "Vyote ni vyako. Marehemu alivitaka ili anifunge mdomo, na mdomo ulishafungika."

Akanitazama. "Akufunge mdomo namna gani?"

"Nisiseme tena habari za Tanga."

Akamgeukia mkewe. Nkirote alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la saladi. Akaliweka mezani. "Mwambie," akasema. "Umekaa nayo ya nini miaka yote?"

"Hakuwahi kuniuliza."

"Basi leo amekuuliza."

Mogaka akakivuta kile kiti, akaniambia niketi. Yeye akabaki amesimama, mkono juu ya shina.

"Mama Zara," akasema, "yule mzee alikuwa akija hapa kulilia Tanga."

"Kulia vipi?"

"Kulia machozi. Hapo ulipokaa. Anashika hizi nyuzi, ananiambia habari za Ngamiani, za duka la baiskeli la baba yake, za bahari inavyonuka maji yakitoka. Mara ya kwanza niliogopa, nikafikiri ni mgonjwa. Halafu nikazoea. Mimi mwenyewe ni mtu wa Changamwe, nilikuwa namsikiliza tu. Siku moja nikamwuliza, si urudi? Mke wako si umesema anataka? Akasema, nitamwambia nini Farhat? Mimi ndiye niliyemtoa kwao analia, nikamwambia utazoea. Leo nimwambie mimi ndiye sikuzoea?"

Zara alikuwa nyuma yangu, sikumwona uso.

"Na mbegu?" nikauliza.

"Alisema akiwa na kitu kama hiki kwake, pengine angeweza kuvumilia huku, na wewe usijue."

Tulikula. Nkirote alikuwa ameunga ndengu, choroko zetu, na nazi, nikaomba niongezewe. Nakumbuka hilo kwa sababu sikuwa nimeomba kuongezewa chakula kwa muda mrefu sana. Nkirote akanijazia sahani.

Tulipoingia barabara kuu kurudi, nikaanza kumsema Bahadur. Kwa sauti, dada, madirisha yamefungwa. Nilimwita mwoga. Nilimwita mwongo wa breki. Nilisema, miaka kumi ya huku tumelala kitanda kimoja, kila mtu na Tanga yake chini ya mto, mimi nakuomba turudi na wewe unataka, unanijibu Tanga hakuna kitu, unakwenda kuzima taa! Ukaona bora umlilie Mkisii wa watu huko Pickering kuliko kuniambia mimi neno moja la kweli! Nilipiga kile kibao cha mbele ya gari kwa kiganja mpaka kikauma. Nilikuwa na hasira mpaka meno yakagongana, na katikati ya hasira ile nikaanza kulia, kwa sauti mbaya ya mtu asiyezoea, kama mlango uliokaa miaka bila mafuta.

Zara alikosa njia ya kutokea, akaingia kituo cha mafuta, akasimamisha gari. Nilidhani ameogopa. Alikuwa analia yeye pia, ameshika usukani kwa mikono miwili. Akaniambia, "Nilidhani umekwenda naye, Mama. Nilidhani wote wawili mmekwenda mkaniacha."

Nikamwuliza kama analala.

Akasema halali. Tangu lini? Tangu siku ile alipokuja kutoka kazini akanikuta nakunja nguo. Akaniambia mengi pale kituoni, mengine si yangu kuyaandika. Alipomaliza alikwenda kununua chai mbili, akarudi, tukazinywa zikiwa za moto mno. Wiki hiyo alilala kwangu. Sasa anakuja tena, ananiudhi, anafungua friji na kulalamika.

Vile vyungu vinne nimemwachia Mogaka. Ana mahali pazuri, na mimi sina kinyongo navyo, ila sivitaki. Ukutani pale nimepanda vitunguu maji.

Sasa jibu lako. Ashura ikipita, panapo majaliwa, mimi na Zara tutakuja. Tiketi tumeshachukua. Zara atakaa wiki tatu, mimi nitakaa mpaka baridi ya huku iishe. Sisemi nimerudi, na sisemi sirudi. Ile Tanga niliyokuwa nagombana na Bahadur juu yake labda haikuwapo kwa yeyote kati yetu. Nataka nione iliyopo, nione na soko lilivyo, na nyumba yenu ilivyo, na mimi nilivyo ndani yake. Tukimaliza hapo tutazungumza. Usinitengenezee chumba cha peke yangu, nitalala na wewe kama zamani, shemeji ahamie kwa Taki.

Nisalimie Taki na mkewe, waambie mama yao mdogo anawaombea dua kila Alhamisi. Msalimie mama mkwe wa Taki na magoti yake. Mpe pole Nasim wa nyumba ya pili kwa kufiwa na kaka yake, nilisikia nikashindwa kupiga simu, nitamwona uso kwa uso. Nilofar anakusalimu ingawa hamjuani, anasema atakupenda.

Neno la mwisho, dada. Tumelelewa tukiambiwa marehemu hasemwi. Mimi nitamsema. Nitamsema asubuhi, nitamsema tukichambua mchele, nitamsema mbele ya wageni kama watakuwapo, maana yamejaa na kwa simu hayatoki. Nikianza, usinishike mkono, usiniambie subira, wala asitokee mtu wa kunikumbusha mema yake. Mema yake nayajua kuliko ninyi nyote. Kaeni mnisikilize mpaka nimalize. Naye kama anasikia huko aliko, na asikie.

Mola akuhifadhi, akupe nguvu ya goti na ya moyo, atukutanishe tukiwa tunatambuana.

Mdogo wako akupendaye, hata pale alipokuwa hawezi kulisema,

Farhat